Marehemu Badru Miraji Kingwande na Ushindi wa Haina Neno

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, Saadi Miraji Kingwande, fundi wa mashine za boti hapa Nyamisati, na ndiye anayeusoma. Humu ndani anatajwa kwa jina lake kama wengine, kwa kuwa leo si siku yake. Familia ilimwomba ukurasa mmoja wa kuchapisha. Ameandika zaidi. Alipomsomea shemeji yake, Bi Hajira, ili amwonyeshe pa kupunguza, Bi Hajira alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usipunguze hata neno."

Badru Miraji Kingwande alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1969, katika kijiji cha Mtawanya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Miraji Kingwande na Bi Sihaba Mtulia, wakulima wa korosho na mihogo. Waliomfuata walikuwa wawili, na wote surua iliwachukua kabla hawajaanza kusema. Mwaka 1978 akazaliwa Saadi. Mama yao alishinda shambani, hivyo Saadi alilelewa mgongoni kwa kaka yake. Watu wa Mtawanya walizoea kumwona Badru akicheza mpira wa makaratasi huku amefungiwa mtoto kwa kanga, na timu ya upande wa pili ikilalamika kwamba haiwezi kumkaba mtu wa namna hiyo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Waliosoma naye wanakumbuka jambo moja. Wavulana watano waliangua mapapai ya mwalimu, wakapangwa mstari na kuulizwa mmoja mmoja. Wanne walikana. Badru akasema, "Nimekula mawili." Akachapwa fimbo sita, wenzake wakaachwa waende zao. Mzee Miraji alipomuuliza kwa nini naye hakukana, alishangaa. "Si nimeulizwa, baba?" Akaishi hivyo. Ukimuuliza atakwambia kama ilivyo, na akikuuliza ataamini kwamba umemwambia kama ilivyo.

Mwaka 1988 alianza kazi ya utingo katika malori yanayopeleka machungwa na mananasi Dar es Salaam, na mwaka 1993 akakabidhiwa lori aendeshe mwenyewe. Alilijua kila shimo la barabara ile kutoka Ikwiriri hadi Mbagala. Hakuwa na haraka barabarani. Madereva wenzake walimtania kwamba machungwa yake yanaivia njiani.

Tarehe 8 Septemba 1996 alimwoa Bi Hajira Mpili wa Ikwiriri. Alipokwenda kuposa aliwaambia wakwe zake mbele ya watu kwamba yeye hukoroma sana, wasije wakasema hawakuambiwa. Bi Hajira alikuwa chumba cha pili akisikia, na anasema hapo ndipo alipomkubali. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Mustapha mwaka 1998 na Yasmini mwaka 2001.

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Mei 2011, karibu na Bungu, gogo lilichomoka kwenye lori lililokuwa mbele yake na kupita katika kioo. Jicho la kushoto lilitolewa wiki ile ile. La kulia lilibaki na kovu, akawa anaweza kutofautisha mchana na usiku, basi. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mwaka uliofuata Saadi alimhamishia Nyamisati yeye na familia yake, katika nyumba iliyo ubavuni mwa nyumba yake.

Kwa muda wa miaka miwili baada ya ajali, marehemu hakuwa mtu wa kukaa naye. Alikaa mkekani ameuelekea ukuta. Siku moja alimrushia Hajira sahani ya wali kwa sababu ulikuwa umeungua upande mmoja. Yasmini, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akawa anapitia nyuma ya nyumba ili baba yake asisikie nyayo zake akamwita.

Wakati huo Saadi alikuwa mmoja wa watu wa Kafi Moja. Wengi waliopo hapa wanakifahamu kikundi hicho, lakini kwa wageni kutoka Bungu na Mtwara ni vizuri kueleza. Hakikuwa kikundi cha wavuvi wala cha biashara. Walikuwa watu wanane waliopenda kupiga kafi kwa kujifurahisha. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri walishusha mtumbwi wao mrefu wa mwembe, ulioandikwa ubavuni Haina Neno, wakapita katikati ya mikoko, wakazunguka kisiwa na kurudi, kisha wakakaa bandarini kula mihogo ya kuchemsha na samaki. Mwenyekiti alikuwa Bi Sikujua Mketo, muuza samaki wa kukaanga. Alikaa mbele ya mtumbwi na kuongoza wimbo ambao wote walipigia kafi.

Mwezi wa sita mwaka 2013 mmoja wao alihamia Kilwa, nafasi moja ikawa wazi. Saadi alimvuta kaka yake kwa mkono mpaka bandarini, akitukanwa njia nzima.

"Mpaka nizame ndiyo utaridhika?" Badru alisema walipofika.

"Ukizama tutakuokota," Bi Sikujua akamjibu. "Kaa hapa. Kafi yako hii. Mimi nikiimba unanyanyua, wenzako wakiitikia unachota. Hapana kazi ya macho humu."

Hapakuwa na kazi ya macho kweli. Kwa mwendo wa nusu saa alikuwa ameshika mapigo, na mkono wake, uliozoea usukani wa lori, ulikuwa na nguvu kuliko wa yeyote mtumbwini. Waliporudi alikula vipande vinne vya muhogo na kuuliza Jumamosi inayofuata wanaondoka saa ngapi. Hajira alipopelekewa habari hiyo aliingia jikoni akafunga mlango.

Miaka ile palikuwa na mashindano ya mitumbwi bandarini kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Kafi Moja walishiriki kwa ajili ya shangwe tu, hapana aliyetegemea washinde. Tarehe 31 Agosti 2013 marehemu alishindana kwa mara ya kwanza. Alipiga kafi kama mtu anayefukuzwa. Wenzake walikuwa wakicheka, mmoja alikuwa akila muwa. Haina Neno ikawa ya tatu. Mitumbwi ilikuwa mitatu.

Marehemu aliweka kafi magotini akihema. "Tumekuwa wa ngapi?"

Saadi alikuwa amekaa nyuma yake. Badru alipogeuka, uso wake ulikuwa na tabasamu ambalo hakuwa nalo tangu siku ile ya Bungu. Saadi akasema, "Wa kwanza, kaka. Tumewaacha kwa urefu wa mitumbwi mitatu."

Bi Sikujua alisikia. Alimtazama Saadi, akamtazama Badru, kisha akapiga vigelegele. Wengine wakafuata. Saadi alikusudia kumwambia ukweli baada ya chakula cha jioni, liwe jambo la kuchekea. Lakini alipofika, kaka yake alikuwa amemwita Yasmini akae karibu naye, mara ya kwanza kwa miaka miwili, na alikuwa akimsimulia mashindano tangu mwanzo. Saadi akala, akanyamaza. Wiki iliyofuata Bi Sikujua alinunua kikombe cha bati chenye mikono miwili katika soko la Kibiti, akampelekea nyumbani. Kikundi kilikubaliana kwamba ni mara moja tu.

Mwaka 2014 walikuwa wa tano kati ya mitumbwi sita, na marehemu akaletewa kikombe cha pili.

Mwaka 2015 madaktari wa macho walipiga kambi Kibiti kwa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, tarehe 28 na 29 Agosti. Hajira alikwenda mapema kumwandikisha mumewe, akapewa zamu ya Jumamosi. Jumamosi ile ndiyo ilikuwa siku ya mashindano.

"Siwezi kuwaacha mabingwa wenzangu," marehemu alisema. "Madaktari watarudi mwakani."

Hajira alimwendea Saadi. Alisimama mlangoni kwake na kumwambia, "Shemeji, mwambie. Leo mwambie." Saadi alisema atamwambia. Asubuhi ya Jumamosi alikwenda, akamkuta kaka yake amevaa fulana ya kikundi, amekwishanyoa ndevu. Akamshika mkono, akampeleka bandarini. Haina Neno ikawa ya mwisho. Madaktari hawakurudi mwakani wala mwaka wa pili yake. Huenda wasingekuwa na la kumfanyia. Hilo halitajulikana.

Kuanzia hapo jambo lilitoka mikononi mwa kikundi. Watu wa Nyamisati walianza kuja bandarini kwa ajili ya hilo. Hawakujali nani ameshinda, walimsubiri kipofu wa mtumbwi wa mwisho abebwe mabegani. Mwenye kipaza sauti alitangaza, "Mabingwa wetu!" Vijana walicheza mbele yake wakipepesa macho na kupapasa hewa. Wanawake walijiziba midomo kwa kanga. Marehemu aliinua kafi juu. Vicheko vyote vile alivipokea kama furaha, akawashukuru watu kwa mapenzi yao.

Saadi naye alicheka. Mwaka 2016 walikwama kwenye tope, mita mia mbili kabla ya mwisho. Bi Sikujua, kwa kutojua la kufanya, alipiga kelele, "Tumefika!" Wakamshusha marehemu topeni, wakamkumbatia mmoja mmoja huku mitumbwi mingine ikiwapita. Saadi alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka huo hakikupatikana kikombe sokoni, wakanunua bakuli la sukari la chuma na kulitoa mfuniko. Marehemu alilipapasa, akafika kwenye pengo la kupitishia kijiko, akasema, "Mwaka huu wamebana matumizi." Maneno hayo yalizunguka Nyamisati miezi mingi. Wauza chai waliyatumia kila sukari ilipopungua.

Vilikuwa vikombe saba, tangu 2013 hadi 2019, mwaka wa mwisho wa mashindano. Vilipangwa kwenye rafu sebuleni, na Hajira alivifuta vumbi kila Ijumaa. Marehemu alibadilika kuwa baba mwema tena. Aliamka alfajiri, baada ya swala akamsaidia mkewe kutwanga mpunga ili mikono isilegee. Alimfundisha Yasmini njia zote za lori kwa kumwimbia majina ya vituo. Wanaosema kwamba uongo ule ulimponya wana haki ya kusema. Saadi mwenyewe alikuwa akijiambia hivyo.

Siku ya Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023, wageni walikuja kutoka Bungu kumposa Yasmini. Msemaji wao alikuwa Bwana Abdulswamadu, baba mdogo wa kijana. Bwana Abdulswamadu alikuwa mwamuzi wa mashindano ya mitumbwi kwa miaka minne. Ndani walikaa wanaume, wanawake wakawa nyuma ya pazia.

Marehemu alikuwa na furaha siku ile. "Wageni wetu," alisema, "mnachukua binti kutoka nyumba ya mabingwa." Akamwambia Mustapha alete vikombe. Saadi alimzuia Mustapha kwa mkono, lakini marehemu alirudia, vikombe vikaletwa, akavipokea na kuvipitisha kimoja kimoja.

Bwana Abdulswamadu alidhani ni utani ambao mwenyewe anaujua, kwa kuwa hakuna asiyeujua. Lilipofika bakuli aliliinua. "Mzee Badru," akasema akicheka, "hili si bakuli la sukari jamani? Hata pa kijiko papo!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Nyuma ya pazia nako wakacheka, na katikati ya vicheko vile marehemu alisikia cha mkewe. Bi Hajira ametaka hili lisomwe. Anasema kilimtoka kabla hajakizuia.

Marehemu alisubiri mpaka wakanyamaza. "Bwana Abdulswamadu, wewe ulikuwa mwamuzi. Mwaka wa bakuli hilo tulishika nafasi ya ngapi?"

Bwana Abdulswamadu alimtazama Saadi, akamwona anatikisa kichwa. "Mzee wangu, mimi nilidhani unajua..."

"Ya ngapi?"

"Hamkufika, mzee. Mlikwama topeni."

"Hajira," marehemu akaita.

"Abee," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Hili bakuli ni la nini?"

Hajira alilishika pazia.

"Hajira. Nimekuuliza."

"La sukari, baba Yasmini."

Marehemu alipokea bakuli, akaliweka chini karibu na goti lake. "Haya," akasema. "Tuendelee na la watoto." Posa ilimalizwa kwa utaratibu wake wote, dua ikasomwa, wageni wakala wakaondoka. Hakupandisha sauti. Alipomaliza kunawa alimwambia Saadi, "Jumamosi nataka kutoka na mtumbwi. Wote wanane tuwemo."

Tarehe 11 Novemba 2023 walitoka. Alikuja na vikombe vyake saba katika kiroba. Walipofika katikati ya mto akawaambia waweke makafi ndani. Mtumbwi ukawa unachukuliwa na maji taratibu.

"Nitauliza mara moja moja," alisema. "Mwaka 2013."

"Wa tatu," Bi Sikujua akasema.

"Kati ya mingapi?"

"Mitatu."

Akaingiza mkono katika kiroba, akakipapasa kikombe mpaka akakijua, akakitupa mtoni. Akauliza 2014, akajibiwa, akatupa. Kisha akasema, "Mwaka wa madaktari."

Saadi akasema, "Wa mwisho, kaka."

"Asubuhi ile ulikuja kunishika mkono. Ulijua nimeacha zamu yangu?"

"Nilijua."

"Na Hajira alikuomba uniambie?"

"Aliniomba, kaka."

Marehemu alikizungusha kikombe kile mkononi kwa muda mrefu. "Ningekwenda," alisema, "labda wangeniambia haiwezekani. Ningerudi nikiwa najua haiwezekani. Sasa hata hilo silijui." Akakitupa. Bakuli la sukari alilitupa bila kuuliza kitu. Akauliza 2017, akaambiwa wa nne, akatupa. Akatoa kikombe cha 2018, kizito kuliko vyote.

"Mwaka huu."

"Mwaka huu tulishinda," Bi Sikujua akasema.

Marehemu alicheka. "Hata leo, Bi Sikujua?"

Na hapa watu wote waliopo wasikilize, kwa kuwa ndilo jambo ambalo Saadi ameshindwa kulisema likaaminiwa. Tarehe 25 Agosti 2018 Haina Neno ilishinda. Mitumbwi ya kijiji cha Salale, iliyokuwa na nguvu miaka yote, iligongana kwenye kona, na Haina Neno ilikuwa nyuma yao kwa karibu tu. Marehemu alikuwa ameongeza mapigo peke yake bila kuambiwa, akawavuta wenzake wote. Wakapita. Kikombe kile kilitolewa na waandaaji wenyewe. Walipofika walilia, na shangwe za bandarini zilikuwa zile zile za kila mwaka, kwa kuwa watu walikwishazoea kumshangilia. Yeye hakuona tofauti.

"Wallahi tulishinda, kaka," Saadi akasema.

"Usimwingize Mungu."

Wakasema wote saba kwa pamoja, kila mtu na lake, la kona, la Salale, la kipaza sauti. Bi Sikujua alikuwa akilia. "Tuliwaacha mbali, Badru! Wewe ndiye uliyetupeleka!"

"Na 2013 mliwaacha kwa mitumbwi mitatu," marehemu alisema. Akakitupa. Kikombe cha 2019 akakitupa pia, akakunja kiroba, akasema, "Nirudisheni."

Hakupanda mtumbwi tena. Bwana Abdulswamadu alikuja kutoka Bungu na kumwapia kwamba 2018 walishinda, yeye mwenyewe alikuwa pale akaona. Marehemu alimpokea vizuri. "Wewe sasa ni mkwe wangu," akamwambia. "Utasema nini kingine?" Wapo watu wanaowaambia wafiwa kwamba Mzee Badru alijua tangu mwanzo, kwamba mtu kama yule hawezi kudanganyika miaka saba, alikuwa akiwaachia tu wafurahi. Wanasema hivyo ili wapumue. Hakujua. Aliuliza akajibiwa, akaamini.

Tangu siku ile hakuamini tena jambo aliloambiwa na mtu mmoja. Hajira akimwambia jua limetua, alisubiri adhana. Akiambiwa ni samaki, alimwita jirani aonje. Saadi alikuwa akiingia na kusema, "Ni mimi, Saadi," naye anauliza, "Nani mwingine yupo?" Kama hapakuwa na mtu mwingine, hakuzungumza. Mtu pekee aliyemwamini alikuwa Ismaily, mwadhini wa msikiti wetu, kwa kuwa alihamia Nyamisati mwaka 2021 na hakuwahi kuwapo bandarini.

Yasmini alifunga ndoa Ijumaa, tarehe 19 Januari 2024. Marehemu ndiye aliyemwozesha. Alishikishwa mkono wa bwana harusi, na kabla ya kutamka maneno akauliza, "Huu ni mkono wa nani?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliushikilia mkono ule mpaka watu wanne wakajibu mmoja baada ya mwingine, wa mwisho Ismaily. Ndipo akaozesha. Yasmini alisikia yote kutoka chumba cha pili, na anasema hakuna lililomliza siku ile zaidi ya hilo.

Mwezi Februari mwaka huu, 2025, alianza kupungua mwili. Mwezi Mei alipelekwa Dar es Salaam, akaonekana ana uvimbe katika ini ambao umekwishasambaa. Daktari aliwaeleza Hajira na Saadi faragha. Wakakubaliana, bila kubishana hata kidogo, kwamba ataambiwa ukweli siku hiyo hiyo. Saadi alimwambia.

"Mmekaa kikao lini?" marehemu akauliza.

"Kaka, ni kweli. Daktari amesema."

"Hata 2018 mwamuzi alisema." Akaagiza Ismaily apigiwe simu, azungumze na daktari mwenyewe. Ismaily alizungumza naye, kisha akamwambia marehemu neno kwa neno. Marehemu alishusha pumzi. "Basi nakufa," akasema, akaomba arudishwe nyumbani.

Miezi mitatu ya mwisho hakuwasumbua wauguzi wake. Alimtaka mjukuu wake, mtoto wa Yasmini aliyekuja kumuuguza, alazwe kifuani kwake kila asubuhi, na mtoto alipolia hakutaka achukuliwe. "Huyu mwacheni," alisema. "Akilia ana sababu."

Alifariki Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Hajira alikuwa miguuni, Saadi upande wa kulia wa kichwa chake, Ismaily wa kushoto. Pumzi zilipoanza kuachana, Saadi aliinama akamtamkia shahada sikioni ili aifuatishe. Marehemu alifumba midomo. Saadi akarudia. Marehemu aligeuza kichwa polepole, kwa nguvu alizobakiwa nazo, upande wa kushoto, akangoja. Ismaily akaitamka. Marehemu akaifuatisha yote mpaka mwisho kwa sauti iliyosikika na watu wote chumbani. Saadi amepewa na wengi maana mbalimbali za kugeuka kule, za kumfariji. Ameandika kilichotokea.

Ni ada ya familia kuwaomba waliohudhuria wamsamehe marehemu pale alipowakosea. Familia inawaomba. Alimrushia mkewe sahani, na mkewe anasema alikwisha kumsamehe kabla wali haujakauka ukutani. Kama kuna mwingine mwenye neno, amwone Mustapha.

Kuhusu yeye kuwasamehe wengine, watu wameuliza tangu jana, na wengine wameomba familia iseme kwamba alisamehe. Familia haiwezi kusema. Bi Sikujua alikwenda kuomba mara mbili. Alikaribishwa, akapewa chai, na alipomaliza kuomba marehemu alimwambia, "Nimekusikia." Saadi aliomba kila siku aliyomkuta na shahidi. Aliambiwa neno hilo hilo. Hajira aliomba wakiwa wawili tu, na marehemu akamshika mkono, lakini hakusema kitu. Hakukubali, hakukataa. Amekwenda nalo.

Marehemu Badru Miraji Kingwande ameacha mjane, Bi Hajira Mpili, watoto wawili, Mustapha wa Mtwara, aliyewasili leo asubuhi, na Yasmini wa Bungu, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, Muzdalifa, mwenye miezi saba, na mdogo mmoja, Saadi.

Mola amkunjulie kaburi lake na ampokee kwa upole ambao hakuupata kwa watu wake. Apumzike.